Miradi ya kuhariri picha kwa wanafunzi wa sekondari: yale tuliyojaribu klabuni

#1 Mleta mada

Ndugu walimu, wazazi na mafundi wa studio mliomo humu, salaam.

Ninalea klabu ya picha katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Tuna kompyuta sita zinazowaka, skana moja kuukuu na simu za walimu watatu, kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Walimu wa shule jirani wameniomba mara kadhaa niwaandikie miradi tunayoifanya, na nimeona ni heri niiweke hapa, ili wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe na wenye uhaba wa vifaa kama sisi wapate pa kuanzia.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Niliwaambia wanafunzi walete picha nzuri waliyoihariri wenyewe, nikapokea anga za zambarau, nyuso zilizolainishwa hadi vinyweleo vikatoweka, na maua yaliyobandikwa pembeni. Nilipowauliza kwa nini walifanya hivyo hakuna aliyekuwa na jibu, na kosa halikuwa lao, maana mimi mwenyewe sikuwa nimewauliza lolote. Tangu hapo kila mradi huanza na swali ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa kuihariri picha. Nyumba hii ilikuwaje kabla haijaanguka? Kwa nini uso wa rafiki yangu umetoka mweusi kuliko ulivyo? Mpira ulipita njia gani kabla haujaingia golini? Mwanafunzi mwenye swali hujua pia wakati wa kuacha, na kwa maoni yangu huo ndio ujuzi mgumu zaidi katika kazi hii.

Kanuni yetu isiyojadiliwa ni kwamba picha mama haiguswi. Tuliijifunza kwa gharama kubwa. Mwanafunzi mmoja alileta picha pekee ya babu na bibi yake wakiwa vijana. Tuliiskani, tukamrudishia ile ya karatasi, kisha tukaikata ili abaki babu peke yake, tukahifadhi juu ya faili lile lile. Masika iliyofuata paa la nyumba yao likavuja na ile ya karatasi ikaharibika yote. Bibi yule hana tena picha ya ujana wake, na mkono uliomkata ulikuwa wetu. Sasa kila mwanafunzi ana folda mbili, moja ya picha mama na nyingine ya kazi, na ana daftari ambamo huandika kila badiliko alilofanya na sababu yake. Kazi inayoendelea tunaihifadhi katika faili la XCF, ambalo hutunza peke yake kila tabaka, yaani kila sehemu ya picha iliyolazwa juu ya nyingine kama karatasi angavu, na JPEG tunaitoa mwishoni tu, kwa sababu JPEG hutupa sehemu ya taarifa za picha kila inapohifadhiwa upya.

Programu tunayotumia ni GIMP, ambayo ni ya bure. Ninapenda kuwaambia wanafunzi kwamba ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kama kazi yao ya chuoni; na kwamba Photoshop nayo ilianza mwaka 1987 mikononi mwa Thomas Knoll alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, ikaingia sokoni mwaka 1990. Mtoto akijua kwamba zana iliyo mbele yake ilianza kama kazi ya mwanafunzi, haiogopi.

Mradi wa kwanza kwa Kidato cha Kwanza ni picha ya ukoo. Kila mmoja analeta picha moja ya zamani iliyochakaa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na kabla ya kugusa kompyuta anaandika majina ya waliomo, mahali na mwaka, kwa kumuuliza mzee anayewafahamu. Asiye na skana anaweza kuilaza picha mezani karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, akashika simu sambamba na meza bila kuwasha taa yake, kwa kuwa karatasi inayong'aa hurudisha mwanga na kuacha doa jeupe katikati. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu hata kama zilifungiwa kabatini. Sababu ni kwamba wino wa samawati ulikuwa dhaifu kuliko wa njano na ule wa waridi, ukafifia mapema. Mwanafunzi akifungua zana ya viwango na kurekebisha nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa zamu yake, huona gauni la shangazi likirudi kuwa la kijani, na hapo darasa zima husogea kuangalia.

Mikwaruzo tunaiziba kwa zana yenye alama ya plasta na ile yenye alama ya muhuri, tukifanya kazi hiyo kwenye tabaka lake peke yake. Mpaka wetu ni huu: ufa uliopita ukutani tunauziba, lakini ufa uliokula jicho la mtu tunauacha, kwa sababu jicho tutakalolichora litakuwa la kwetu na si la marehemu.

Nitaendelea na miradi mingine kadiri nafasi itakavyoruhusu. Karibuni.


#2 Mwalimu wa Songea

Mwalimu, ninashukuru kwa kuandika kwa kirefu. Shule yetu ina kompyuta nne za Windows 7 zenye RAM ya GB 2. GIMP inafunguka, lakini tukiongeza tabaka la tatu au la nne kompyuta inaganda, wanafunzi wanakata tamaa. Je, tuwaachie simu tu, au kuna njia? Pia picha tunazotumiana na wazazi kwa WhatsApp zinafika zikiwa na ukungu.


#3 Mleta mada

Ndugu mwalimu, tatizo hilo tulikuwa nalo na dawa yake ni hesabu ndogo ambayo wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya ubaoni. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda picha, 4,000 kwa 3,000. Kila pikseli huhitaji angalau baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, kwa hiyo tabaka moja hula baiti milioni 36 kabla programu haijaanza kuweka kumbukumbu za hatua za kurudi nyuma. Ukiipunguza nakala ya kazi iwe pikseli 2,000 kwa 1,500, kila tabaka linashuka hadi baiti milioni 9, yaani robo, na bado inatosha kuchapwa vizuri kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800. Kwa Windows 7 baki na toleo la 2.10, toleo la 3 lililotoka mwaka 2025 linahitaji Windows mpya zaidi. Punguza pia idadi ya hatua za kurudi nyuma katika mapendeleo ya programu, na unganisha matabaka yaliyokwisha kazi baada ya kuhifadhi nakala yenye matabaka yote.

Hesabu hiyo ina tunda la ziada. Kila baiti huanzia 0 hadi kuishia 255, hivyo kila rangi ya msingi ina ngazi 256, na wanafunzi wakizidisha 256 × 256 × 256 wanapata rangi 16,777,216. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza picha ya kwanza katika kompyuta, picha ya mwanawe mchanga, ikiwa na pikseli 176 kwa 176 tu. Ninawapa wanafunzi kazi ya kupunguza picha zao hadi kipimo hicho na kuangalia ni nini bado kinatambulika. Hujifunza kwa macho kwamba sura ya mtu husomeka hata kwa taarifa chache mno, na kwamba maandishi ya ubaoni hayasomeki kabisa.

Simu si mbaya. Snapseed ni ya bure na ina zana ya kurekebisha sehemu moja tu ya picha, jambo ambalo programu nyingi za simu hazina. Penye intaneti ya wastani, Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa, na picha huhaririwa kwenye kompyuta yako bila kupakiwa kwenye seva ya mtu. Kuhusu WhatsApp, usitume picha kama picha. Itume kama hati, nayo itafika kama ilivyotoka.


#4 Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum. Naomba niongeze mradi tunaoufanya na vijana hapa Unguja, nao tunauita zamani na sasa. Kijana anatafuta picha ya zamani ya mahali anapopajua, anakwenda kusimama pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, anapiga yake, kisha anaziunganisha mbili hizo katika picha moja.

Tulianza na Beit al-Ajaib pale Forodhani. Jengo hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na katika picha za awali mnara wa taa unaonekana ukisimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, mnara ule ukaharibiwa, na jengo lilipokarabatiwa mwaka uliofuata likapewa mnara wa saa katika uso wake. Vijana wetu walikua wakiuona mnara huo wa saa kila siku. Kisha tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo mahali pamoja pana sura tatu, na kijana anayeziweka katika matabaka matatu na kufuta polepole la juu ili la chini lichomoze, huiona historia ya mji wake ikipita chini ya kidole chake. Msichana mmoja aliuacha mnara wa saa uonekane kwa asilimia 30 tu juu ya kifusi. Sikuwa na la kumrekebisha.

Picha za zamani si taabu kuzipata. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka 1860 na 1960, na zimewekwa mtandaoni. Hapa mjini kulikuwa na wapiga picha wa tangu zamani, miongoni mwao Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, na familia nyingi bado zina picha zenye muhuri wa studio hiyo nyuma yake.


#5 Mleta mada

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Unguja. Hilo la asilimia 30 nimelisoma mara mbili.

Sisi tuliujaribu mradi huo kwa majengo ya zamani ya mjini Tanga, na naomba nieleze jambo moja la kiufundi ambalo lilitusumbua majuma mawili. Wanafunzi walidhani kusimama pale pale ni kukadiria tu. Ukisogea hatua moja kushoto, nguzo iliyo mbele huhama ukilinganisha na mlango ulio nyuma yake, na hakuna programu itakayokurudishia. Kwa hiyo tunachagua katika picha ya zamani vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, tunasogea hadi vikae kama vilivyokaa kule, ndipo tunapiga. Kosa la pili ni kusogea mbele ili jengo lijae kwenye kioo cha simu, kwa sababu lenzi za simu huona eneo pana kuliko kamera nyingi za zamani. Usisogee, baki mahali sahihi na ukate kingo baadaye. Vivuli navyo husaidia kujua saa: kama kivuli cha baraza kiliangukia ngazi ya tatu, subirini kifike hapo.

Katika kuunganisha, tabaka la juu tunaliwekea maski na kupaka rangi nyeusi pale tunapotaka la chini litokee. Wanafunzi huelewa haraka nikiwaambia kwamba maski ni kama pazia la dirisha, haliondoi kitu chumbani, linaficha tu, na unaweza kulirudisha wakati wowote. Anayefuta kwa kifutio amechoma pazia na dirisha lake.

Maski hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia katika mradi wa mwendo, ambao wavulana wa timu ya mpira wanaupenda kupita kiasi. Simu inawekwa juu ya matofali ili isitikisike, mchezaji anapigwa picha tano au sita mfululizo akielekea golini, kisha matabaka yote yanaunganishwa ili aonekane mara sita katika uwanja mmoja. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 huko California ili kuonyesha jinsi farasi anavyokimbia. Mwalimu wa fizikia shuleni kwetu sasa huzitumia picha za wanafunzi kupima kasi, kwa kuwa muda wa kila picha umeandikwa ndani ya faili.


#6 Fundi wa studio, Mwanza

Nimekuwa katika kazi hii tangu enzi za filamu, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza wanajua filta kuliko mimi. Wasichokijua ni mambo mawili. Kwanza ni vipimo vya kuchapa. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531, na karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inabeba nane kati ya hizo. Kijana asiyejua hesabu hiyo hupoteza karatasi ya tajiri kutwa nzima. Mwalimu, naomba uiingize katika miradi yako, kwa sababu ndiyo itakayomlisha mtoto huyo kesho.

La pili linaniumiza zaidi. Kijana akipewa picha ya mtu, jambo la kwanza anaifanya ngozi iwe nyeupe. Nikimuuliza, ananijibu kwamba wateja ndivyo wanavyotaka, na ni kweli baadhi wanataka. Lakini kuna mama alikuja kuchukua picha ya marehemu mumewe kwa ajili ya fremu, akaitazama, akasema, "Huyu siye." Alikuwa sahihi. Tuliirudia usiku ule ule bila malipo.


#7 Mleta mada

Mzee wangu fundi, shikamoo. Hesabu ya nane katika karatasi moja nimeiandika ubaoni leo asubuhi. Hili la pili umegusa mradi ambao mimi ninaupa uzito kuliko yote, na ningeomba walimu wenzangu wasiuruke.

Tatizo huanzia kwenye kamera. Mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa shati jeupe la shule, anasimama juani saa sita. Kamera hutafuta wastani wa mwanga wa kile inachokiona, na kwa kuwa shati na uwanja vinang'aa, hupunguza mwanga wote, shati likatoka vizuri na uso ukazama gizani. Kijana anaona uso umepotea, anavuta mwanga juu kwa nguvu, na ngozi inapauka kana kwamba imepakwa majivu. Akikata tamaa anatumia filta ya urembo, ambayo inamaliza tatizo kwa kumbadilisha mtu.

Kwa hiyo somo letu lina sehemu mbili. Kwanza tunapiga upya: chini ya mwembe, uso ukielekea uwazi, na kidole kikigusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo na si kwenye shati. Halafu ndipo tunahariri. Tunaweka maski usoni peke yake, tunainua sehemu za giza kidogo kidogo kwa zana ya mstari unaopindwa, na kila tunapoinua tunarudisha wekundu na joto la rangi linalopotea, tukiacha ile ming'aro ya paji la uso na mashavu, kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa ming'aro hiyo zaidi ya vivuli. Kulainisha ngozi na kuing'arisha ni marufuku. Msahihishaji wa mwisho ni mwenye sura mwenyewe, ambaye huulizwa swali moja tu mbele ya kioo cha kompyuta: huyu ni wewe?

Ninawaeleza pia kwamba tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley, na sura yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi sahihi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyechunguza habari hizo, aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia ni malalamiko ya watu wa matangazo ya chokoleti na ya samani za mbao. Nilipolisema hilo darasani palikuwa kimya kwa muda. Mwaka 2022 mwanasosholojia Ellis Monk, kwa kushirikiana na Google, alitoa mizani ya rangi za ngozi yenye ngazi 10. Wanafunzi wangu huiweka kando ya picha zao na kujitafuta humo, kisha wengi hugundua kwamba paji la uso na shavu la mtu mmoja huweza kuangukia ngazi mbili tofauti.


#8 Mzazi, Dar es Salaam

Miradi ni mizuri, lakini naomba nieleweke kama mzazi. Mwanangu alipigwa picha shuleni kwa ajili ya kazi kama hizi, na baadaye nikaikuta katika ukurasa wa mtandaoni ikiwa imeunganishwa na mandhari ambayo sikuipenda. Hakuna aliyeniuliza. Klabu yako inafanyaje?


#9 Mleta mada

Mzazi, pole kwa hilo, na swali lako ni la haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto inayotambulika ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data huko iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Sisi tuna fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayomuuliza mzazi mambo matatu kila moja peke yake: kupigwa picha kwa ajili ya somo, kubandikwa ukutani shuleni, na kuwekwa mtandaoni. Wengi hukubali mawili ya kwanza na kukataa la tatu, na tunaheshimu. Mtoto naye anaulizwa, hata kama mzazi amekubali. Kabla ya picha yoyote kutoka nje tunaondoa taarifa zilizojificha ndani ya faili, kwa kuwa simu nyingi huandika humo hadi mahali hasa ilipopigwa. Katika GIMP ni suala la kuondoa tiki kwenye visanduku vya Exif wakati wa kutoa JPEG.


#10 Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

Mwalimu, kwa heshima zote, sioni faida ya kumkalisha mtoto saa nne akiziba mikwaruzo ilhali programu za akili unde zinasafisha picha ya zamani na kuitia rangi kwa sekunde chache. Je, hatuwafundishi kazi iliyokwisha kufa?


#11 Mleta mada

Ndugu yangu, sizikatai programu hizo, na Kidato cha Tatu tunazitumia. Lakini tunazitumia baada ya mtoto kuziba mikwaruzo kwa mkono wake, kwa sababu asiyewahi kuamua ni wapi aache hawezi kuona ni wapi mashine imepitiliza. Picha nyeusi na nyeupe haina taarifa ya rangi ya kanga ya bibi. Programu inaibahatisha tu. Tuliwahi kuiingiza picha moja ambayo mzee mwenyewe alikuwa hai, mashine ikampa kanzu ya buluu, naye akasema hajapata kuvaa kanzu ya buluu maishani mwake.

Na kuna pale ambapo kubahatisha kunakuwa dhuluma. Mwaka 2021 zilichapishwa mtandaoni picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, watu walioteswa na kuuawa chini ya utawala wa Khmer Rouge, zikiwa zimetiwa rangi, na ikabainika kwamba nyuso za baadhi yao zilikuwa zimeongezwa tabasamu. Serikali ya Kambodia ililalamika na picha zikaondolewa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wetu wa mwisho wa mwaka, ambao tunauita picha ya uongo. Kila mwanafunzi anatengeneza uongo mmoja kwa makusudi, akiuandika daftarini hatua kwa hatua, kisha mwenzake anapewa picha bila daftari na kutakiwa kuufichua. Tunaanza kwa kuangalia mifano. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alikuwa akitembea kando ya kiongozi wake katika picha ya mfereji wa Moscow. Baada ya kuuawa mwaka 1940 akafutwa, na mahali pake pakabaki maji matupu. Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada. Juni 1994 jarida la Time liliitia giza picha iliyotolewa na polisi ya O.J. Simpson, mwanamichezo mweusi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, na kwa kuwa Newsweek lilikuwa limeweka picha ile ile bila kuigusa, wasomaji waliziona zote mbili zikiwa zimelazwa pamoja kwenye meza za magazeti. Mfano huo wa tatu ninauunganisha na mradi wa ngozi, na wanafunzi huuelewa bila maelezo mengi.

Halafu wanawinda. Wanatafuta majani yanayojirudia kwa umbo lile lile, ukingo wa nywele uliokatwa kama kwa wembe, na zaidi ya yote vivuli. Kwetu Tanga, mwezi Juni, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini; aliyebandika mtu aliyepigwa picha mwezi Disemba hukamatwa mara moja na mtoto aliyesikiliza somo la jiografia. Kila picha ya mradi huu huandikwa "imetengenezwa" ndani ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka, na haitoki darasani.


#12 Mwalimu wa hisabati, Mombasa

Nimefuatilia kwa makini na naona miradi yote imeegemea picha za watu na majengo. Mimi hufundisha ulinganifu kwa kanga. Wanafunzi wanapiga picha za vitu vya kawaida, kama korosho, jani la mkungu, ufito wa makuti au samaki aliyeanikwa, wanaviondolea mandhari na kuvipunguza viwe na rangi tatu au nne. Kisha kila mmoja anachora robo moja tu ya kanga. Robo hiyo anaigeuza kushoto kulia, anaigeuza tena juu chini, na robo nne zikikutana anapata pindo lililofunga pande zote na mji uliokaa katikati. Mwisho anaandika jina la kanga yake kwa herufi kubwa mahali pake, chini ya mji.

Anayekosea pikseli moja kwenye ukingo wa robo huona mstari mweupe ukikata kanga nzima, na hahitaji mimi nimwambie. Kuhusu majina sipokei methali iliyokwisha kutumika, lazima atunge. Msichana mmoja wa Likoni aliandika NIMEVUKA NAWE USINIACHE KATI, na mama yake akataka ichapwe kweli.

Tukiwa hapa Pwani tusisahau kwamba kukata na kuunganisha picha si jambo geni kwetu. Omar Said Bakor alikuwa akiziunganisha kwa mkono katika studio yake Lamu miaka mingi kabla ya kompyuta kutufikia.


#13 Mleta mada

Mwalimu wa Mombasa, mradi huo ninauchukua kama ulivyo, na nitaanza nao Kidato cha Pili muhula ujao. Nina swali moja la utekelezaji. Kompyuta zetu, kama nilivyoeleza, hazibebi faili kubwa, na kanga ina urefu wa takriban mita moja na nusu. Ninafikiria robo ichorwe kwa pikseli 1,200 kwa 900, ili kanga nzima iwe 2,400 kwa 1,800, nayo tuichape kwenye karatasi ya A3 kwa ajili ya ukuta wa maktaba. Kwa kitambaa najua haitoshi. Je, yule mama wa Likoni alipotaka ichapwe, mchapaji aliwaomba faili la ukubwa gani, na rangi zilitoka kama mlivyoziona kwenye kioo?

Ndugu mwalimu wa Songea, nimekuandalia mfano wa fomu ya wazazi na ukurasa wa daftari la mabadiliko. Nitaviweka hapa Ijumaa, nikishapata zamu ya skana.